Maswali ya Wasomaji: Setilaiti na Uvuvi wa Ziwa Tanganyika

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi iliyoeleza jinsi nchi za pwani zinavyotumia vipimo vya setilaiti kuwasaidia wavuvi wa baharini. Barua zilizotufikia baadaye, nyingi kutoka Kigoma na chache kutoka Tabora, ziliuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: sisi wa ziwani, au sisi tunaokula samaki wa ziwa hilo, tunapata nini katika elimu hiyo? Nimechagua chache na kuzijibu kwa kadiri zinavyostahili, nyingine kwa kirefu na nyingine kwa maneno machache.

Je, setilaiti itatuonyesha dagaa walipo usiku wa leo?

*Ndugu Mhariri, nina vipe vya kuvulia dagaa katika mwalo wa Katonga. Hivi karibuni alikuja kijana akituuzia programu ya simu, akisema kwamba setilaiti itatuonyesha kila jioni mahali dagaa walipo, nasi tutalipia kila mwezi. Mafuta ni ghali, na usiku wa kurudi mikono mitupu ni hasara kubwa. Je, tulipie? (Mwenye vyombo, Katonga)*

Ndugu yangu, kwa ahadi hiyo msilipie. Hakuna setilaiti inayomwona dagaa majini, wala migebuka, wala sangala. Kinachopimwa kutoka angani ni maji yenyewe: joto la uso wake, rangi yake, kimo chake na mawimbi yake. Kutokana na vipimo hivyo mtaalamu hukisia mahali chakula cha samaki kilipozaliana, na kutokana na chakula hukisia samaki, kama mchungaji anayetafuta ng'ombe waliopotea kwa kwenda kwanza penye nyasi na maji. Makisio ya namna hiyo yana thamani kubwa mahali pake, lakini anayeyauza kama uhakika anawapotosha wanunuzi wake.

Ni haki niwaeleze mahali pake ni wapi, ili msije mkaikataa elimu yote kwa sababu ya muuzaji mmoja. Vijimea vidogo vinavyoelea majini, ambavyo ndivyo chanzo cha chakula cha viumbe karibu vyote vya ziwa na bahari, vina klorofili, na klorofili hufyonza mwanga wa buluu na kuuacha ule wa kijani urudi juu. Kwa hiyo maji yenye vijimea vingi huonekana ya kijani zaidi, na tofauti hiyo, hata ikiwa ndogo kiasi kwamba jicho la nahodha haliitambui, hupimika kutoka angani. Kipimo cha kwanza cha rangi ya bahari kilirushwa na Marekani mwaka 1978 kwenye setilaiti ya Nimbus-7. Leo kazi hiyo hufanywa na kadhaa, zikiwamo Sentinel-3 mbili za Ulaya, zilizorushwa mwaka 2016 na 2018, ambazo kila nukta ya picha yake ya rangi hubeba eneo la mita 300 kwa 300. Nyingine hupima joto. Pale maji baridi yenye rutuba yanapokutana na maji ya vuguvugu, mpaka wao huonekana kwenye ramani kama mstari, na baharini samaki wanaowinda, kama jodari, mara nyingi hukusanyika kandokando ya mipaka kama hiyo.

India imeijenga huduma yake juu ya msingi huo. Kituo cha taifa cha taarifa za bahari kilichopo Hyderabad huunganisha joto la maji na klorofili, hubainisha maeneo yanayotarajiwa kuwa na samaki, kisha huwatumia wavuvi taarifa kwa lugha zao wenyewe, ikitaja mwelekeo, umbali kutoka mwaloni na kina cha maji. Huduma hiyo husimama nyakati ambazo uvuvi umepigwa marufuku kisheria, na mawingu yakitanda taarifa hukosekana. Hayo mawili yanaonyesha kwamba wenye huduma wanajua mipaka yake.

Sasa turudi Katonga. Dagaa wetu hushinda mchana kwenye kina na kupanda usiku wakivifuata vijidudu wanavyovila, nanyi huwavuta kwa taa hadi juu ya wavu. Setilaiti inayopima rangi huhitaji jua, kwa hiyo picha yake ni ya mchana, wakati dagaa wamejificha. Na mwanga unaorudi kwake hutoka katika tabaka la juu tu, ilhali katika ziwa letu, ambalo maji yake ni maangavu sana, vijimea mara nyingi hujikusanya chini zaidi ya hapo. Aidha, kuna mdanganyo mwingine ambao watu wa Ilagala wataufahamu mara moja: mvua zikinyesha, Mto Malagarasi humwaga tope ziwani, na hesabu zilizotungwa kwa ajili ya maji ya bahari kuu huweza kulihesabu tope hilo kuwa ni vijimea. Mtu asiyelijua ziwa akiisoma ramani hiyo atawapeleka wavuvi kwenye maji machafu akidhani amewapeleka kwenye malisho.

Akirudi kijana huyo, mwulizeni picha anayoitumia ni ya siku gani, huwa anafanya nini siku za mawingu, na kama amewahi kulinganisha ramani zake na mavuno ya vyombo vya Kigoma kwa msimu mzima, giza baada ya giza, yaani kila kipindi cha mwezi ambacho usiku hauna mbalamwezi na taa zenu huvuta dagaa vizuri. Pia mwelezeni kwamba vipimo vyenyewe, vya Ulaya na vya Marekani, hutolewa bure kwa yeyote duniani. Mnaweza kumlipa mtu kwa ujuzi wa kuvitafsiri, kama ujuzi huo anao. Picha zenyewe hazina bei.

Kusi likivuma dagaa hupungua. Je, setilaiti inaweza kunionya?

*Ndugu Mhariri, mimi ni mama ninayenunua dagaa wabichi Kibirizi, ninaanika na kusafirisha kwa treni. Kuna miezi ninapata mzigo hadi nakosa pa kuuanika, na kuna miezi nakaa mwaloni siku nzima bila kitu. Naambiwa sababu ni upepo. Je, vyombo hivyo vya angani vinaweza kunieleza mapema, nijue lini nichukue mkopo? (Mfanyabiashara wa dagaa, Kibirizi)*

Mama, waliokuambia kwamba sababu ni upepo wamekuambia kweli, na jambo hili linahitaji nafasi kwa sababu ndiko uhai wa ziwa uliko.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina cha hadi mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Lakini oksijeni haifiki chini kabisa: upande wa kaskazini huishia kwenye mita 100 hivi, na upande wa kusini kwenye mita 200 hivi. Chini ya hapo samaki hawaishi, ingawa ndiko iliko hazina ya virutubisho, kwa kuwa mabaki ya kila kilichokufa juu huzama na kuozea huko. Maji ya juu ni ya vuguvugu na mepesi, ya chini ni baridi na mazito, na bila nguvu ya kuyachanganya, rutuba hiyo ingebaki kilindini.

Nguvu hiyo ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma kwa kufuata urefu wa ziwa na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini; huko kusini, karibu na Mpulungu nchini Zambia, maji baridi ya kilindini hupanda kujaza nafasi, na joto la uso hushuka hadi nyuzi 24 hivi. Kwetu huku, katika miezi hiyo, maji ya vuguvugu hurundikana na tabaka lenye rutuba husukumwa chini. Upepo unapotulia, maji hayo mazito yaliyoinama huanza kuyumba kwenda na kurudi ndani ya ziwa, bila mtu aliye ufukweni kuona lolote, kila myumbo ukichukua wiki tatu hadi nne hivi, na katika myumbo huo rutuba hupanda upande wa kaskazini pia. Vijimea huongezeka, kisha vijidudu, kisha dagaa, kila kimoja kikikifuata kingine kwa kuchelewa kidogo.

Wavuvi wanayajua majira haya bila chombo chochote cha angani. Kinachoongezwa na setilaiti ni kuliona ziwa lote kwa siku moja, kutoka Bujumbura hadi Mpulungu, na kuulinganisha mwaka huu na miaka iliyopita: je, ubaridi wa kusini umekuwa mkubwa au hafifu, umeanza mapema au umechelewa, na ukijani uliofuata umeenea hadi wapi? Ramani za namna hiyo zipo kwa zaidi ya miaka ishirini mfululizo, na hakuna mtumbwi wa utafiti uliowahi kuzunguka ziwa lote kila wiki kwa muda huo.

Hata hivyo, Mama, mkopo usiuchukue kwa kutegemea ramani. Kutoka ukijani hadi beseni la dagaa kuna hatua nyingi: mayai na makinda lazima yapone, migebuka nao wanawala dagaa hao hao, na wavuvi wa nchi nne zinazolizunguka ziwa wanashindana. Dagaa huishi kwa takriban mwaka mmoja au zaidi kidogo tu, hivyo msimu mmoja mbaya huonekana upesi katika mavuno. Taarifa ya setilaiti inaweza kukuambia kwamba msimu una dalili njema au dalili mbaya; hesabu ya magunia haiwezi kukupa.

Naongeza jambo linalonisumbua kuliko yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa hili yamepata joto na upepo umepungua nguvu, kwa hiyo tabaka la juu na la chini yanachanganyika kwa shida zaidi kuliko zamani; watafiti hao walikadiria kuwa uzalishaji wa vijimea ulishuka kwa takriban asilimia 20, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa takriban asilimia 30. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliosoma mabaki ya samaki ndani ya tope la sakafu ya ziwa, ulionyesha kuwa samaki walikuwa wakipungua pamoja na ongezeko la joto tangu kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Kwa hiyo tunapobishana mialoni kama lawama ni ya nyavu au ya hali ya hewa, jibu ni kwamba mambo hayo mawili yanakutana katika ziwa moja, na ziwa linalozalisha kidogo haliwezi kuvumilia uvuvi uleule wa zamani.

Chombo kilicho mbali hivyo kinapimaje joto la maji?

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Tabora. Kipimajoto lazima kiguse kitu ndipo kipime. Setilaiti haigusi maji. Inawezaje?*

Marahaba, mwanangu. Kila kitu hutoa miale ya joto isiyoonekana kwa jicho, na nguvu ya miale hiyo huongezeka kadiri kitu kinavyokuwa cha moto. Wewe mwenyewe huihisi usoni ukiwa umesimama mbali na moto wa kuni. Setilaiti ya Sentinel-3, inayopita kwenye kimo cha takriban kilomita 815, huipima miale inayotoka majini na kuigeuza kuwa nyuzi za joto, baada ya kuondoa athari ya mvuke uliopo njiani.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, miale hiyo hutoka kwenye ngozi nyembamba mno ya maji, isiyofika hata milimita moja, kwa hiyo mchana wa jua kali usio na upepo ngozi hiyo huweza kuwa na joto kuliko maji yaliyo hatua moja chini yake. Ndiyo sababu wataalamu hupendelea vipimo vya usiku, na ndiyo sababu vipimajoto vilivyozamishwa majini havitaacha kuhitajika: bila hivyo hakuna wa kuithibitisha setilaiti. Pili, wingu huizuia miale hiyo kabisa. Zipo setilaiti zinazotumia mawimbi yanayopenya wingu, lakini nukta moja ya picha zake hubeba makumi ya kilomita. Baharini inafaa, ila ziwa letu lina upana wa wastani wa kilomita 50, na nukta hiyo ingechanganya maji na milima ya pande zote mbili. Katika miezi ya mvua, basi, zipo wiki ambazo ramani yetu ya joto huwa na matundu mengi.

Na Bwawa la Igombe?

*Msomaji mwingine wa Tabora anauliza kama elimu hii ina faida yoyote kwa bwawa dogo.*

Inayo, ila si kwa njia ileile. Picha za Sentinel-2 zina nukta za mita 10 na hupatikana kila baada ya siku tano hivi, kwa hiyo huonyesha wazi jinsi eneo la maji ya bwawa linavyopungua kiangazi na mahali magugumaji yanapoenea. Kwa kutafuta samaki, hazina kazi hapo.

Je, Serikali inatuona usiku?

*Ndugu Mhariri, tunasikia kuwa setilaiti huhesabu taa zetu ziwani. Je, ni kweli, na je, inaweza kunijua mimi ni nani? (Mvuvi, Ujiji)*

Ni kweli kwa sehemu ya kwanza. Setilaiti ya Marekani iitwayo Suomi NPP, iliyorushwa mwaka 2011, ina kipimo kinachoona mwanga hafifu wa usiku, nayo hupita juu yetu karibu saa saba na nusu usiku, wakati ambapo vyombo vya dagaa vimewasha taa. Nukta zake ni za mita 750 hivi, kwa hiyo taa za vyombo vilivyokaribiana huonekana kama mng'ao mmoja. Jina lako haliwezi kulijua, wala namba ya chombo chako, wala aina ya wavu uliotumia. Meli kubwa hutambulika kwa sababu zenyewe hutangaza mahali zilipo kwa redio. Mitumbwi ya mbao haitangazi.

Ningewaomba wavuvi wasiiogope hesabu hiyo. Kinachoonekana ni ukubwa wa uvuvi wa usiku katika ziwa zima, pamoja na upande wa pili ambako doria zetu hazifiki. Mwaka 2024, Tanzania iliposimamisha uvuvi katika ziwa hili kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, manung'uniko makubwa niliyoyasikia mialoni yalikuwa kwamba sisi tunakaa ufukweni huku wengine wakivua. Manung'uniko ya namna hiyo yanaweza kupimwa kwa picha za taa, zikiwekwa mezani mbele ya nchi zote nne katika Mamlaka ya Ziwa Tanganyika. Mvuvi aliyetii marufuku na kulala njaa anastahili kuonyeshwa kama mwenzake naye alitii.

Taarifa za upepo

*Wasomaji watatu, wote wa mialo ya wilaya ya Uvinza, wameuliza ni huduma gani ya setilaiti ianze kwanza kama fedha ni kidogo.*

Tahadhari ya upepo na dhoruba. Sisiti kusema hivyo. Setilaiti za hali ya hewa za Meteosat, zilizokaa kwenye kimo cha kilomita 36,000, huipiga picha Afrika kila baada ya dakika 15 au chini ya hapo, hivyo wingu la radi linaonekana likijijenga kabla halijafika ziwani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mawimbi unaolihusu Ziwa Tanganyika. Kazi iliyobaki ni ya nchi kavu: taarifa ya saa kumi jioni imfikie nahodha wa mwalo usio na mtandao kabla hajaondoka, kwa redio ya jamii, kwa bendera juu ya mti au kwa mtu aliyepewa jukumu hilo. Chombo kinachorudi na watu wake wote ni mavuno yanayotangulia mavuno mengine.

Sisi wa mwaloni tunaweza kuchangia nini?

*Ndugu Mhariri, mimi ni katibu wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Tumesoma mambo ya setilaiti tukajiona kama watazamaji tu. Je, tuna nafasi? (Katibu wa BMU, Kigoma)*

Nafasi yenu ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Ramani ya joto na ukijani bila kumbukumbu za mavuno ni maelezo ya maji tu; haimwambii mtafiti wa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) wa Kigoma kama ukijani wa Oktoba ulizaa dagaa wa Desemba. Kuunganisha hayo mawili kunahitaji daftari lililoandikwa mwaloni kwa miaka, na hakuna nchi itakayowaandikia.

Daftari lenyewe si gumu. Kila usiku wa giza andikeni tarehe, eneo chombo kilikovua kwa jina linalojulikana na wote, saa ya kutoka na ya kurudi, idadi ya taa, na uzito wa samaki kwa kilo, dagaa wakitenganishwa na migebuka. Kama mnatumia beseni au ndoo, pimeni moja kwa mizani mara moja, muandike uzito wake kwenye ukurasa wa kwanza, kisha msibadilishe chombo hicho cha kupimia katikati ya mwaka. Mkipata kipimajoto cha kawaida, nahodha mmoja akizamishe kwa kamba ya urefu uleule kila siku kabla ya kuwasha taa. Mwisho wa kila giza, ofisa uvuvi akague, na nakala ipelekwe kwa watafiti.

Nasisitiza jambo moja ambalo madaftari mengi niliyoyaona hulikosa. Usiku ambao chombo kimerudi bila samaki uandikwe sifuri, pamoja na saa kilizokaa ziwani. Mstari ukiachwa wazi, atakayeusoma baada ya miaka mitano hataweza kujua kama dagaa hawakuwepo au kama wavuvi hawakutoka.